Tiba ya Kweli, Mgonjwa Siye: Kisa cha Saratani ya Tezi Dume Kigoma

Kisa hiki nimewaandikia wenzangu wa kliniki, na yeyote anayemuuguza baba. Umri, kazi na mpangilio wa familia nimevigeuza kiasi cha kumficha mhusika, na familia imeridhia. Makosa mengi yaliyomo humu ni yangu.

Mgonjwa na mazingira

Mzee ana miaka 72. Kavua dagaa tangu enzi za karabai, na mpaka anaugua alikuwa na kipe kimoja, yaani chombo cha kuvulia dagaa, chenye injini yake na vijana wanne wa kazi. Anaishi na mkewe jirani na mwalo mmoja kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mtoto wake mkubwa wa kiume, miaka 46, anafanya biashara Dar es Salaam, na mambo ya fedha hayaamuliwi mpaka yeye aseme.

Hospitali niliyokuwa nikifanya kazi ilikuwa na kipimo cha damu cha PSA (protini ya tezi dume ambayo hupanda tezi ikiwa na tatizo), altrasaundi, eksirei na chumba cha upasuaji. MRI hatukuwa nayo. Vinyama vya kupimwa saratani tulivituma nje ya mkoa, na kwa tiba mionzi tulitoa rufaa kwenda Mwanza au Dar.

Wiki ya kwanza hadi ya tatu

Aliletwa usiku, hajakojoa tangu asubuhi, tumbo la chini limejaa kama mimba ya miezi mitano. Tulimwekea mpira ukatoka mkojo wa lita moja na nusu, naye akalala palepale kwenye kitanda cha kuchunguzia kabla sijamaliza kuandika. Asubuhi alinieleza kwamba mwaka mzima alikuwa anaamka mara tano usiku. Mgongo nao ulimuuma, lakini mvuvi gani asiyeumwa mgongo? Alikuwa anausingizia mtumbwi.

Nilipompima kwa kidole, tezi ilikuwa ngumu kama jiwe, upande mmoja una nundu. PSA ikarudi 186, wakati tumezoea kuangalia inapovuka 4. Mkojo kuziba na mpira vyenyewe vinaweza kuipandisha PSA, ila haviifikishi huko.

Eksirei ya mgongo niliishikia dirishani, maana taa ya kusomea picha ilikuwa imeungua. Pingili mbili za mwisho za kifua na ya kwanza ya kiuno zilikuwa nyeupe pe, utadhani mtu kazipaka chokaa, na kwenye nyonga kulikuwa na madoa ya namna hiyohiyo. Saratani nyingi zikiingia mfupani huula, kwenye picha ukaona matundu meusi. Hii ya tezi dume kwa kawaida hufanya kinyume: huuchochea mfupa ujijenge ovyo, ukawa mweupe lakini hauna nguvu. Mwanafunzi aliyekuwa pembeni yangu alisema, "Mbona mifupa ya huyu mzee ni mizuri hivi?" Ndivyo unavyodanganya.

Tulichukua vinyama, tukavituma, tukasubiri. Hoja ya kusubiri ilikuwa kwamba matibabu yanayofuata hayarudishiki, na mtu ana haki ya kupata jibu la uhakika kabla hujamwondolea kiungo. Jibu lilifika wiki ya tatu: saratani, tena ya ukali wa juu, Gleason 4+4.

Neno lililomfukuza

Nilimweleza mzee kwamba ugonjwa umeshatoka kwenye tezi na kuingia mifupani, kwa hiyo kuukata wote hakuwezekani, ila unaweza kunyimwa chakula. Chakula chake ni homoni ya kiume, na nyingi hutengenezwa kwenye korodani. Charles Huggins na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa tuzo ya Nobel. Mpaka leo ndio msingi wa matibabu ya saratani hii ikishasambaa, hata pale zinapoongezwa dawa mpya juu yake. Njia zilikuwa mbili: kuondoa korodani mara moja, au sindano ya goserelini, dawa ya kuishusha homoni hiyo, kila baada ya miezi mitatu maisha yote. Sindano familia ilipiga hesabu ikaona haiwezi.

Nikatumia neno "kuhasiwa". Lilinitoka tu, ndilo tulilokuwa tukilitumia wodini. Mzee alinitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, wanahasiwa mafahali. Mimi nina wajukuu. Unataka nikazikwe nusu?" Mkewe aliinamisha macho, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kitenge. Nikasema basi wakafikirie, warudi baada ya wiki mbili.

Simu kutoka Dar

Jioni ya siku ileile kijana wake mkubwa alinipigia. Alikuwa amesoma habari ya tiba mpya ya tezi dume inayotumia umeme bila kuchoma, na kwamba baada ya hapo kinga ya mwili hujifunza kuisaka saratani popote ilipo. Akauliza, "Dokta, hii ni kweli au ni matapeli?"

Nikamwambia ni kweli, na kisa kikageukia hapo.

Jambo lenyewe nalipenda, na mtu akiniuliza kitu ninachokipenda huwa sijui kunyamaza. Nilimweleza kwamba inaitwa elektroporesheni isiyorudishika. Sindano nyembamba, mbili hadi sita, huchomwa kuzunguka uvimbe kwa kuongozwa na altrasaundi. Umeme hupitishwa kati ya sindano na sindano kwa mipigo mifupi sana, kila mmoja karibu sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na volti zinaweza kufika 3,000. Utando wa seli hutoboka matundu madogo yasiyozibika, seli ikafa. Kwa kuwa hakuna moto wa kuivisha nyama, kuta za mishipa ya damu na nyuzi zinazoshikilia tishu husalimika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana watu wanaitarajia ilinde mishipa ya fahamu ya uume na misuli inayozuia mkojo. Mgonjwa hupigwa nusu kaputi na kulegezwa misuli yote, la sivyo angerushwa kitandani. Davalos, Mir na Rubinsky ndio waliolipendekeza wazo hilo mwaka 2005.

Kisha nikafika kwenye kinga, nikatumia mfano ambao mpaka leo najuta kwa jinsi ulivyonikaa vizuri mdomoni. Nilisema: dagaa wakiungua kikaangoni huwezi kujua walikuwa dagaa wa wapi, lakini aliyeanikwa juani kwenye chanja unamtambua kwa jicho, kwa mkia, kwa rangi. Saratani ikiuawa kwa moto protini zake huiva na kupotea sura. Ikiuawa kwa umeme zinabaki na sura yake, seli za doria za kinga huziokota, huzipeleka kwenye tezi za limfu, na seli T, askari wa kinga, zikioneshwa sura hiyo huenda kuwasaka wenzake.

"Kumbe!" akasema kijana. "Kwa hiyo hata hawa wa mgongoni?"

Nikajibu kwamba kinadharia ndiyo, ingawa ushahidi kwa binadamu bado ni mdogo. Alichoondoka nacho ni "ndiyo". Ile "ingawa" ilibaki kwangu.

Kikao cha familia

Siku tatu baadaye walikaa kikao, simu imewekwa katikati ya mkeka, spika juu. Nilialikwa kwa simu nyingine. Kijana aliwasimulia wadogo zake habari za dagaa wa juani vizuri kuliko mimi. Uamuzi: injini iuzwe, kiwanja cha mama kiwekwe rehani, mzee akatiwe pasipoti aende India. Waliniuliza kama kusubiri miezi miwili mitatu kuna ubaya, nikajibu, "Saratani ya tezi dume huenda polepole, si ya kukimbizana nayo."

Sentensi hiyo ni sahihi kwa saratani ya tezi dume iliyogundulika mapema. Kwa mtu mwenye PSA ya 186 na pingili nyeupe haikuwa na mahali. Sikuwapa tarehe ya mwisho, wala sikuwaambia dalili za hatari ni zipi.

Wiki ya tisa

Mama alinipigia saa kumi alfajiri. Mzee alikwenda chooni akashindwa kuinuka. Wajukuu wawili walimbeba. Alipofika nilimwambia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba kwa sauti ileile ya siku zote, halafu akasema, "Miguu si yangu." Aliweza kuikunja kidogo tu, na nilipomchoma kwa kijiti hakuhisi kuanzia chini ya kitovu. Mama akakumbuka kwamba kwa siku nne alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti, wakadhani ni uchovu wa kulala sana.

Uti wa mgongo ulikuwa umebanwa. Hii ni dharura ya saa, kwa sababu anayefika matibabu akiwa bado anatembea kwa kawaida hubaki akitembea, na aliyekwisha kupooza mara nyingi harudi. Tulianza deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe unaobana uti, papo hapo, tukamlaza chali bila mto. Uamuzi wa pili ulikuwa homoni ishuke kwa njia gani. Goserelini ingekuwepo bado nisingeianza hivyohivyo, maana sindano za kundi lake huipandisha homoni siku za mwanzo kabla ya kuishusha, na uti uliobanwa hauna nafasi ya kuvumilia hilo. Kuondoa korodani hushusha homoni ndani ya siku moja.

Safari hii niliongea tofauti. Nilimwambia tunaweza kutoa nyama ya ndani inayotengeneza homoni na kuliacha ganda lake, hivyo mfuko haubaki mtupu. Akauliza, "Na nikioshwa, watu wataona?" Nikasema hawataona. Akanyoosha kidole gumba atie sahihi. Tulifanya kwa ganzi ya pale pale, bila nusu kaputi, haikufika hata saa moja. Mchana huo akapakiwa kwenye ambulensi, godoro juu ya ubao, wakashika barabara ya Nyakanazi kwenda Mwanza kwa mionzi ya mgongo.

Matokeo

Alirudi baada ya wiki tatu. Miguu ilipata nguvu taratibu, na mwezi wa nne alikuwa anatembea kwa gongo hadi msikitini, kama mita 200. Mpira ulitolewa wiki ya kumi tangu upasuaji, akakojoa mwenyewe. PSA ilishuka hadi 5.2, na maumivu ya mgongo yakaisha kiasi cha kuacha mofini ya maji usiku. Kukojoa bado kuna haraka yake, jasho la ghafla linamsumbua, na vidole vya mguu wa kushoto havijarudi sawasawa.

Injini ilikwisha kuuzwa. Fedha ziliishia kwenye pasipoti, safari ya Mwanza na miezi ya kuuguza. Kipe sasa kimekodishwa, na mzee hupata mgao mdogo vijana wanaporudi na kitu. Hilo sikuona mahali pa kuliandika kwenye faili.

Uchambuzi: tiba ilikuwa ya nani?

Kijana hakutapeliwa. Alichosoma kilikuwa cha kweli, ila kilimhusu mgonjwa mwingine kabisa. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mashine ya umeme huu itumike kwenye tezi dume, na utafiti uliotangulia ruhusa hiyo ulihusu wanaume 121 ambao saratani yao ilikuwa ya hatari ya kati na imekaa ndani ya tezi, sehemu inayoonekana kwenye MRI. Baada ya mwaka mmoja asilimia 84 hawakukutwa na saratani ya kutisha ndani ya eneo lililotibiwa. Rudia maneno hayo ya mwisho: ndani ya eneo lililotibiwa. Ni tiba ya kusafisha kona moja ya nyumba, tena kwa masharti kwamba nyumba nyingine ni safi. Mzee wetu moto ulikuwa umefika kwa majirani.

Hata maneno "bila kuchoma" niliyabeba kijuujuu. Karibu kabisa na sindano joto hupanda. Na si kweli kwamba kuua uvimbe kwa moto au kwa kuugandisha barafu hakuamshi kinga. Vyote huiamsha kwa namna yake. Tofauti ni ya kiwango, na mfano wangu wa dagaa uliifanya kuwa ya usiku na mchana.

Kuhusu kinga yenyewe, nieleze nilichopaswa kumwambia kijana. Wazo la kutibu hapa pakapona kule ni la zamani: Mole, daktari wa mionzi wa Uingereza, alilipa jina mwaka 1953. Limekuwa likionekana kwa mgonjwa mmoja mmoja, na ni kwa sababu ni nadra ndiyo maana kila akitokea huandikiwa ripoti. Kwa umeme, kazi nzuri nyingi ni za maabara. Mwaka 2021 watafiti wa Minnesota walichapisha habari za panya wenye saratani ya tezi dume: umeme pamoja na dawa za kufungua breki za kinga vilifanya kazi vizuri zaidi, na seli T zenye kumbukumbu zikabaki kwenye tishu. Umeona palipo na "pamoja na"? Haikuwa kazi ya umeme peke yake.

Na saratani ya tezi dume ni baridi, kwa maana ambayo madaktari wa kinga hulitumia neno hilo: seli T ndani yake ni chache, seli zinazoituliza kinga ni nyingi, na mabadiliko ya vinasaba yanayoifanya ionekane ngeni si mengi. Dawa za kufungua breki, zilizobadilisha maisha ya wagonjwa wa saratani ya ngozi na ya mapafu, zikitumiwa peke yake kwa wagonjwa wengi wa tezi dume huambulia kidogo sana, isipokuwa kwa wachache wenye kasoro maalumu ya kurekebisha vinasaba.

Utafiti ulio karibu zaidi na ndoto ya kijana ulikwisha kufanyika, ila kwa mionzi badala ya umeme. Wanaume 799 wenye saratani iliyofika mifupani, ambao homoni na dawa ya kemo vilikwisha kushindwa, walipigwa mionzi kwenye mfupa mmoja au zaidi, kisha nusu wakapewa ipilimumabu, mojawapo ya dawa hizo za kufungua breki, na nusu dawa bandia. Hesabu ilikuwa hiyohiyo: vunja seli hapa, fungua breki, kinga ikimbilie kwingine. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Wastani wa kuishi ulikuwa miezi 11.2 dhidi ya 10.0, tofauti ambayo haikutosha kuitwa ushindi. Wapo wachache waliofaidika kwa muda mrefu, na ndio wanaowafanya watafiti waendelee. Ningekuwa nimemwambia kijana takwimu hiyo moja, angebaki na kitu cha kulinganisha na bei ya injini.

Uchambuzi: tulipokosea na tulipopatia

Kosa kubwa halikuwa kueleza sayansi. Naamini mtu akiuliza aelezwe, hata kama ni mvuvi, hata kama ni kwa simu. Kosa ni kwamba nilieleza ugonjwa kwa ujumla kabla ya kueleza ugonjwa wa baba yake. Sentensi ya kwanza ilipaswa kuwa, "Hiyo ni kwa ambaye haijatoka nje ya tezi, ya mzee imetoka." Baada ya hapo ningeweza kuhadithia dagaa mpaka usiku wa manane bila kumdhuru mtu.

Neno "kuhasiwa" lilitugharimu wiki sita. Mzee aliniambia baadaye, bila hasira, kwamba angeelezwa mwanzoni habari ya kuacha ganda angekubali wiki ya tatu. Sikumweleza kwa sababu kwetu ilionekana ni urembo: homoni inashuka vilevile. Nilikuwa napima homoni, yeye anafikiria atakavyooshwa. Tumeacha kulitumia neno hilo, na mbele ya wagonjwa tunasema "kufunga kiwanda cha homoni". Wengine hucheka, na mtu akicheka huuliza swali la pili.

Kusubiri kinyama wiki tatu bado sina uhakika nako. Wengine watasema PSA zaidi ya 100 na mifupa ya chokaa vinatosha kuanza, hasa palipo na maumivu ya pingili. Nikirudishwa pale, ningechukua kinyama na kupanga upasuaji kwa wakati mmoja, nisingoje kimoja kiishe ndipo nikumbuke kingine.

La miguu halina mjadala. Mwenye saratani pingilini haondoki kliniki bila yeye na anayelala naye nyumba moja kuambiwa: akijikwaa, akihisi ganzi miguuni au kiunoni, choo au mkojo ukibadilika ghafla, maumivu ya mgongo yakizidi akilala, njoo leo, hata kama ni sikukuu. Mama aliiona dalili ya kujikwaa siku nne kabla. Hakujua kwamba ina maana.

Kilichokwenda vizuri ni ile asubuhi. Deksamethasoni ilikuwepo kabatini, daktari wa upasuaji aliishi karibu, na tulichagua upasuaji kwa ganzi badala ya kusubiri mtu wa nusu kaputi aliyekuwa safarini. Sitaki kuipamba. Angefika akiwa amepooza kabisa tungefanya yaleyale na asingetembea.

Hali ilivyo sasa

Ni mwezi wa 14. PSA, iliyokuwa imetulia, imesoma 7.9 na kisha 11.4 katika vipimo viwili mfululizo. Ugonjwa umeanza kujua kuishi na njaa, na tunajadiliana na wenzetu wa Mwanza kumwongezea abirateroni, dawa ya kuibana zaidi homoni inayobaki mwilini.

Kijana alikuja mwezi uliopita kumsindikiza. Mwanamume ambaye baba yake ana saratani hii hatari yake ni kama mara mbili ya wengine, na yeye ana miaka 46, kwa hiyo nilimwomba atoe damu kabla hawajaondoka. PSA yake ni 1.1. Nimempa tarehe ya kurudia, nikamwambia kwamba siku ikipanda, tukaikuta ingali ndogo na imekaa kona moja ya tezi, hapo ile habari ya umeme itakuwa inamhusu yeye.